Vazi Lihukumiwe Chini ya Taa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliomo humu, waongozaji, waigizaji, mafundi taa, mafundi cherehani, nanyi wadogo zangu mnaoanza kazi hii mwaka huu: wakubwa shikamooni, na wengine wote salamu.

Niliombwa nizungumzie maleba, yaani mavazi ya jukwaani, rangi na kazi za nyuma ya jukwaa. Naona kwenye ratiba mambo haya matatu yametengwa kwa alama za mkato kana kwamba kila moja lina mlango wake wa kuingilia. Mimi nitayachanganya, kwa sababu jukwaani sijawahi kuyaona yakitengana. Ninalotaka kusema ni moja tu. Vazi halimaliziki mezani kwa mbunifu, wala halimaliziki kwenye cherehani. Linamalizika likiwa mwilini mwa mtu anayetembea, limemulikwa, mbele ya mandhari ya rangi fulani, na huku gizani pembeni yupo mtu mwingine anayesubiri kulivua. Anayelihukumu kabla ya hapo anahukumu kitambaa.

Tuanze na hiki nilichoshika. Ni kipande cha mahameli nyekundu, na hapo mlipo mnaiona imekolea vizuri. Mwenzangu pale juu, naomba uzime nyeupe, uniwashie kijani peke yake. Haya. Nani bado anaona wekundu? Kitambaa ni kilekile, mkono ni uleule. Kitambaa chekundu ni chekundu kwa sababu kinameza sehemu kubwa ya mwanga na kuturudishia ile sehemu nyekundu. Kikimulikwa kijani kitupu hakina chekundu cha kurudisha, basi kinabaki cheusi, au kahawia chafu kama taa haikuchujwa vizuri. Asante, turudishie nyeupe.

Hilo wengi wenu mnalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba hata taa nyeupe si sawa zote. Zile za zamani zenye waya unaowaka zilitoa rangi zote zikiwa zimeungana, ijapokuwa njano na nyekundu zilizidi. Taa nyingi za LED hujenga weupe wake kwa kuchanganya rangi chache tu, na baina ya rangi hizo pana mapengo. Jicho likitazama ukuta mweupe halioni pengo lolote. Kitambaa kinaliona. Ndiyo maana unaweza kununua vitambaa viwili vyeusi ambavyo mchana havitofautiani hata kidogo, ukamshonea mtu koti kwa kimoja na suruali kwa kingine, na jukwaani suruali ikageuka damu ya mzee. Rangi nyingi nyeusi za viwandani hurudisha wekundu kidogo ambao mchana hauonekani. Mshonaji hana kosa hapo, wala fundi taa. Kosa ni la aliyelipia jora zima kabla kipande cha shibiri moja hakijapita chini ya taa zitakazotumika.

Na mwanga ukipungua mambo yanageuka tena. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkyně, alieleza jambo ambalo leo linabeba jina lake: kadiri giza linavyoingia, macho yetu hupoteza nyekundu kwanza, ilhali bluu na kijani huendelea kuonekana, hata huonekana kama zimeng'aa zaidi. Sasa chukua hilo uliweke kwenye tamthilia. Mwongozaji anataka usiku, anataka mauaji, na anataka mama wa marehemu avae nyekundu ili "tuhisi damu". Taa zikishashushwa, watazamaji wanaona kichwa kinachoelea juu ya shimo jeusi. Ukitaka nyekundu ionekane usiku, ichague ya upande wa machungwa, iwe ya kitambaa chenye kung'aa kama satini, na umwombe fundi taa mwanga mdogo wa pembeni unaogusa bega. La sivyo mvalishe bluu mtu unayetaka aonekane, na nyekundu mtu unayetaka apotee.

Mwanamke mmoja aliyelielewa jambo hili kuliko wabunifu wengi alikuwa mchezaji ngoma, Mmarekani Loie Fuller. Mwaka 1892 alipanda jukwaa la Folies Bergère jijini Paris amevaa hariri nyepesi iliyozidi mwili wake mara kadhaa, mikononi ameshika fimbo zilizofichwa ndani ya mikunjo ili mikono irefuke. Alipozungusha fimbo, hariri ilipanda ikawa wimbi, ikawa ua, ikawa moto, na mafundi wake wakabadilisha rangi za taa kufuatana na mwendo. Rangi zote zilitoka kwenye taa. Gauni lilikuwa mahali pa kuzipokelea tu. Vazi lile alilichukulia hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, nchini Marekani mwaka 1894, akalieleza kama fundi anavyoeleza mtambo, na kwa kweli lilikuwa mtambo.

Rangi ya jirani nayo ina usemi. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa, aliwekwa mwaka 1824 kusimamia upakaji rangi nyuzi kwenye karakana ya Gobelins, Paris, wanakofuma mazulia ya kutundika ukutani. Malalamiko yaliletwa kwake kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo zimefifia, hazina nguvu. Akazipima, akakuta zina weusi wa kutosha. Tatizo lilikuwa nyuzi za bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kitabu alichokitoa mwaka 1839 kuhusu jinsi rangi mbili zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja kilisomwa na wachoraji karne nzima, na mimi natamani kingesomwa na kila anayepaka mandhari ya jukwaa. Koti la kijivu mbele ya ukuta wa kijani huonekana lina waridi. Koti hilohilo mbele ya ukuta mwekundu huingiwa na kijani, na aliyelivaa anaonekana mgonjwa. Mbunifu wa mavazi na mbunifu wa mandhari wasipokaa meza moja tangu mwanzo, mmojawao atakuwa anaharibu kazi ya mwenzake bila kujua, na kwa kawaida anayeambiwa abadilishe dakika za mwisho ni wa mavazi, kwa kuwa ukuta ni mzito kuusogeza.

Kuhusu nyeupe nitasema kwa haraka. Shati jeupe kabisa ni adui wa uso. Linapiga macho kabla ya sura, na kama mwigizaji ana ngozi nyeusi au maji ya kunde, linamlazimisha fundi taa kushusha mwanga hadi sura ipotee. Lichovye kwenye maji ya chai. Likitoka na rangi ya maziwa, watazamaji bado wataliita jeupe.

Sasa kuna jedwali linalozunguka sana kwenye warsha zetu. Linasema nyekundu ni mapenzi na hatari, nyeupe ni usafi, nyeusi ni kifo, kijani ni wivu. Mkilikuta, lichaneni. Katika opera ya Beijing uso uliopakwa nyekundu ni wa mtu mwaminifu na shujaa, ndivyo anavyopakwa jemadari Guan Yu. Uso mweupe ni wa mwenye hila, na Cao Cao ndiye mfano wake maarufu. Uso mweusi ni wa mnyoofu asiyehongeka, kama hakimu Bao Zheng. Kwenye kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, mistari myekundu usoni ni ya shujaa, na ya bluu ni ya mwovu au kiumbe kisicho cha dunia hii. Kathakali, ngoma ya kuigiza ya Kerala, kusini mwa India, humpaka kijani mfalme mwema na shujaa. Mpelekeeni jedwali lenu mchezaji wa kathakali mumwambie kijani ni wivu, muone atakavyowatazama.

Rangi haina maana ya kuzaliwa nayo. Watazamaji wa Beijing walifundishwa na vizazi vya maonyesho. Onyesho lenu nalo linaweza kufundisha, tena kwa dakika chache. Mpeni mhusika mmoja manjano ya haradali tangu anapoingia. Mwingine yeyote asiiguse, si kwenye kilemba, si kwenye soksi, si kwenye mto wa kochi. Halafu katikati ya sehemu ya pili mtu mwingine aingie amefunga mkanda wa manjano hiyohiyo. Hakuna mstari wa mazungumzo utakaohitajika. Ukumbi mzima utajua nani alilala kwa nani, au nani amemsaliti nani, kutegemea tamthilia yenu ina tabia gani.

Ili jambo hilo liwezekane mimi hutumia karatasi moja kubwa. Majina ya wahusika yanashuka upande wa kushoto, maonyesho yanakwenda kulia, na kwenye kila kisanduku nabandika kipande halisi cha kitambaa, kikubwa kwa kadiri ya nafasi ambayo vazi hilo litachukua mwilini. Kilemba kinapata ukucha, gauni linapata kiganja. Kisha naitundika karatasi ukutani, narudi nyuma hadi mwisho wa chumba, nafinya macho. Onyesho lenye matope linajionyesha lenyewe. Utakuta watu 6 wote kahawia, kwa sababu kila mmoja alibuniwa siku yake na kila mmoja peke yake alipendeza. Karatasi hii inaninyima usingizi kuliko michoro yote, na waongozaji wengi hawajawahi kuiomba. Wanaomba michoro. Mchoro mzuri unaweza kumdanganya hata aliyeuchora, kwani mhusika yumo peke yake kwenye karatasi nyeupe, mkono kiunoni, na jukwaani hakuna mtu atakayewahi kusimama hivyo.

Nirudi nyuma kidogo kihistoria, maana kuna wanaodhani mavazi ni kipambo kinachokuja fedha zikibaki. Jijini London mwishoni mwa karne ya 16, Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose, alitunza daftari la hesabu ambalo bado lipo. Mwandishi alilipwa takriban pauni 6 kwa tamthilia mpya. Katika karatasi za mwigizaji wake mkubwa, Edward Alleyn, kuna joho moja la mahameli nyeusi, mikono imetariziwa dhahabu na fedha, lililonunuliwa kwa zaidi ya pauni 20. Joho moja, tamthilia tatu. Na Mswisi Thomas Platter aliyepita London mwaka 1599 aliandika kwamba mabwana wakubwa walipofariki waliwaachia watumishi wao nguo nzuri. Watumishi hawakustahili kuzivaa, wakawauzia waigizaji kwa bei ndogo. Kwa hiyo yule mliyemwona jukwaani akiwa mfalme huenda alivaa nguo ya bwana halisi. Wahenga walishasema kuhusu nguo ya kuazima, na methali yenyewe sitaimalizia hapa mbele za watu, ila nyie wenye kuazima mavazi ya harusi kwa ajili ya jukwaa mnaijua inavyoishia.

Wazo la kumvika mhusika nguo za enzi yake halisi limechelewa kufika kuliko mnavyodhani. David Garrick, mwigizaji mkuu wa Uingereza katika karne ya 18, alimwigiza Macbeth, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare, amevaa koti la afisa wa jeshi wa wakati wake, na hakuna aliyeshangaa. Mwaka 1823 ndipo James Robinson Planché alipobuni mavazi ya tamthilia ya Shakespeare ya King John ukumbini Covent Garden kwa kufuata sanamu za makaburi na mihuri ya enzi ya mfalme huyo. Waigizaji wenyewe walinuna, wakihofia kuchekwa kwa sababu ya helmeti zile bapa. Pazia lilipofunguka ukumbi ulishangilia. Tangu siku hiyo tumekuwa na ugonjwa wa usahihi, na dawa yake hatujaipata. Usahihi unasaidia unapomwambia mwigizaji jinsi ya kukaa na kutembea. Unapogeuka kuwa ubishi kuhusu idadi ya vifungo ambavyo aliye safu ya 20 hawezi kuvihesabu, muda umepotea.

Vazi ambalo mimi ningeliendea safari halifuati usahihi huo hata kidogo. Mwaka 1888 Ellen Terry aliigiza Lady Macbeth katika ukumbi wa Lyceum, London. Mbunifu, Alice Comyns Carr, alitaka gauni lifanane na deraya laini ya vyuma na wakati huohuo na magamba ya nyoka. Akatafuta kitambaa, hakipo. Likafumwa kwa mkono gauni la uzi wa kijani uliochanganywa na uzi wa bluu unaometa, kisha likashonewa mabawa magumu ya mbawakawa wa kijani, takriban 1,000, mmoja mmoja. Fikirini kazi hiyo. Bawa la mbawakawa halikupakwa rangi. Kijani chake kinatokana na jinsi tabaka zake nyembamba zinavyouvunja mwanga, ndiyo maana linageuka bluu au dhahabu ukilitazama kwa pembe nyingine, na ndiyo maana halipauki. Kila Terry alipovuta pumzi, mabawa yale yalipokea mwanga kwa pembe tofauti. Mwanamke amesimama tuli, gauni linatambaa. Mchoraji John Singer Sargent aliliona akamchora nalo mwaka uliofuata. Gauni lenyewe lilichakaa, likashonewa upya sehemu nyingi kwa zaidi ya saa 1,000 za kazi, na tangu 2011 linaonekana tena Smallhythe Place, nyumba aliyoishi Terry huko Kent.

Lakini mkilinganisha picha na hadithi za walioliona, msisahau taa. Ukumbi wa Savoy, humohumo London, ulikuwa umeshawashwa umeme mwaka 1881, jengo la kwanza la umma kuangazwa lote kwa umeme. Lyceum ya Henry Irving, mwigizaji aliyeuendesha ukumbi huo, ilibaki na gesi, kwa kuchagua. Wakati fulani Irving akiwa safarini umeme uliwekwa. Terry aliporudi akaona umeme wa sakafuni unavyozifanya sura za watu, akamsihi Irving arudishe gesi, naye akarudisha. Mnaweza kuwaita washamba waliokataa maendeleo. Mimi naona walijua walichokishonea. Mwanga wa gesi unatikisika, una unene, una njano ndani yake. Gauni la mabawa 1,000 lilibuniwa kwa mwanga unaotikisika.

Gesi hiyohiyo iliua. Emma Livry alikuwa mchezaji wa bale wa Opera ya Paris. Wakati huo ilikuwa imeshagunduliwa dawa ya kuchovya sketi ili zisishike moto, na wachezaji waliagizwa kuzitumia. Dawa iliikausha sketi, ikaipa ugumu wa mbao na rangi ya vumbi. Livry aliandika barua kukataa. Alitaka kucheza na sketi yake ya kawaida. Tarehe 15 Novemba 1862, kwenye mazoezi, alikung'uta sketi karibu na taa ya gesi, ikawaka. Alifariki Julai mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 20. Watu humlaumu kwa ujeuri. Mimi namlaumu zaidi aliyemletea vazi lisilochezeka akadhani amemaliza kazi ya usalama. Mchezaji akikataa vazi, kazi ya mbunifu inaanza upya. Haihamii kwenye barua za kulaumiana.

Kule Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois ulishika moto baada ya taa ya jukwaani kuwasha pazia la kitambaa chepesi. Pazia la kuzuia moto lilipoteremshwa likakwama njiani. Walikufa watu zaidi ya 600. Kwa hiyo fundi wa zimamoto anapokuja na kibiriti chake kuomba kipande cha kitambaa, msimwone msumbufu. Na jambo moja la vitendo ambalo husahauliwa: dawa nyingi za kuzuia moto huyeyuka na kutoka kitambaa kikifuliwa. Kitambaa kilichotiwa dawa Januari kikafuliwa mara kadhaa hakina dawa tena mwezi Machi, japo cheti bado kipo ukutani.

Sasa nije nyuma ya pazia, kwa watu ninaowapenda kuliko wote kwenye kazi hii, wavishaji.

Tuchukue badiliko moja la sekunde 40. Bibi harusi anatoka kulia kwa jukwaa, taa zinazimika, muziki unapigwa, anarudi kushoto akiwa mjane. Kabla hajatoka, mvishaji ameshalitandaza gauni jeusi sakafuni, limefunguliwa duara, na viatu vyeusi vimo katikati vikielekea anakotakiwa kwenda. Mwangaza pale ni taa ndogo ya bluu, hafifu kiasi kwamba aliye safu ya kwanza haioni. Mwigizaji anafika, anageuza mgongo bila kuambiwa. Mvishaji wa kwanza anashusha zipu, wa pili ameshachukua shela na pini zake, tatu, anazihesabu kwa vidole. Gauni jeupe linaanguka. Mwigizaji anaingia kwenye duara, miguu inatafuta viatu, jeusi linapandishwa. Vile vifungo 12 mnavyoviona kifuani ni vya kushonea juu tu. Chini yake kuna vifungo 4 vya kubonyeza. Kamba za mgongoni ni mpira, fundo lake halijawahi kufunguliwa tangu lishonwe. Mkanda wa mikrofoni haukuguswa, kwa kuwa uko kwenye mfuko wake mwepesi ndani ya nguo ya chini, chini ya magauni yote mawili. Zimebaki sekunde 6. Mvishaji anamnywesha maji kwa mrija ili rangi ya midomo isiharibike, anamfuta jasho kwa kugusa, si kwa kusugua, na anamgusa bega: nenda.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililotokea kwa bahati. Kila moja lilikuwa swali la ubunifu, na lilitakiwa kuulizwa kabla mkasi haujagusa kitambaa. Zipu iwe nyuma au ubavuni? Velkro inafungua haraka, lakini ikifunguliwa kwenye onyesho la kimya ukumbi wote unasikia mchaniko. Mwigizaji anatokea upande gani na anarudi upande gani, na kati ya hapo anapita wapi na gauni la duara la mita mbili? Nimeona sketi iliyochorwa vizuri mno ambayo haikupita kwenye mlango wa mandhari. Ilibidi mtu akate kimojawapo. Walikata sketi.

Wajapani wametatua mengi ya haya zamani. Kwenye kabuki kuna vazi la juu lililoshikizwa kwa nyuzi nene. Msaidizi anazivuta nyuzi hizo moja baada ya nyingine wakati mchezaji anaendelea kucheza, kisha vazi lote linang'oka mara moja na rangi nyingine inatokea mbele ya macho ya watu. Msaidizi mwenyewe huvaa nyeusi kuanzia kichwani, na watazamaji wamekubaliana kwamba hayupo. Napenda kwamba kwao mvishaji yuko jukwaani, ana vazi lake na rangi yake.

Kwetu mvishaji hana hata jina kwenye orodha ya wahusika wa kazi. Hujifunza tamthilia yote kwa masikio, akisikiliza sauti kutoka upande asioweza kuuona, na ndiye wa kwanza kujua kwamba mwigizaji ameanza kunenepa au kukonda. Ndiyo sababu nasisitiza akiba ya mshono. Acheni vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono wa ubavu, hata kama bajeti inalia. Wekeni kikwapa, kile kipande kinachoshonewa kwapani, kwenye kila koti la mtu atakayeinua mkono, na jukwaani kila mtu huinua mkono. Na wapeni waigizaji viatu halisi na sketi za mazoezi mapema, tangu wanapoanza kusimama na kutembea. Mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima kwa raba hawezi kuwa malkia siku ya mwisho kwa kuvaa kisigino.

Kuhusu harufu, kwa kuwa kila mwaka naulizwa: koti lisilofulika hupuliziwa pombe kali isiyo na rangi wala harufu, ndani kwenye kwapa na kola, usiku baada ya onyesho, likaachwa likining'inia penye hewa. Inapunguza vijidudu vinavyoleta harufu, kisha inakauka. Jaribuni kwanza ndani ya pindo, maana baadhi ya rangi hutoka. Na fungeni chupa yenyewe kabatini, kwa sababu ambazo sina haja ya kuzieleza kwenye hadhara ya wasanii.

Waongozaji, ombi langu ni kwenu. Mkutano wenu wa kwanza wa onyesho lijalo, ule mnaokaa na mwandishi na mbunifu wa mandhari mkinywa chochote mnachokunywa, mwiteni fundi taa na mwiteni mvishaji. Msiwaite kusikiliza. Waulizeni. Mvishaji atawauliza nyinyi ana sekunde ngapi, na kama hamjui, tayari mmegundua kwamba kuna onyesho ambalo hamjalipanga. Fundi taa atawauliza usiku wenu ni wa rangi gani. Kisha mtu akanunue kitambaa.

Vipande vyote vya vitambaa viko mezani hapa mbele na taa tatu zimeshawekwa. Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo naomba maswali yaanze huku watu wakipita mezani. Yule wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu niliposema satini, anza wewe.